Msalaba wa Shaba Ofisini

Katika ofisi moja hapa Elisabethville, sisi weusi tunahudumiwa dirishani, nje, juani. Juzi mbele yangu alisimama mama mzee wa mtaa wa Kamalondo, akingoja ruhusa ya safari. Ndani, juu ya kichwa cha karani, wametundika msalaba wa shaba wa kale, fedha ya wazee wetu, uwe alama ya serikali ya jimbo.

Mama alipouona alipiga magoti, akapiga makofi polepole, kama anayesalimia wakwe.

Karani, kijana wa kwetu, akacheka. “Mama, unasalimia nani?”

“Bakwe. Mama yangu balimuoa na mahari ya misalaba kama ile.”

“Hapana, mama. Ile iko alama ya jimbo tu.”

“Mwenye kuweka shaba yetu mu nyumba yake, iko mukwe yangu, na mimi mukwe yake,” mama akasema bila kuinuka. “Na mukwe hasimame ku dirisha. Anapewaka kiti.”

Karani akamtazama bwana wake mzungu, aliyekuwa akiandika. Kisha akatoka na kiti chake mwenyewe, akakiweka juani.

Walioichagua alama ile nadhani walitaka pambo la ukutani. Hakuna aliyewaambia kwamba linakuja na wakwe.