Kovu Lililonidanganya

Nakumbuka asubuhi moja hapa Migato, mvua za kwanza zimeshanyesha, nami nashindwa kukaa. Nilisikia majirani wakiswaga ng'ombe wa plau, na mimi nimewekwa kitini kama mgeni. Nguvu za ujana zilikuwa bado hazijanitoka.

Mwanangu, wiki saba kabla ya hapo mshipa wangu mkuu, ule unaotoa damu moyoni, ulichanika kwa ndani kwa sababu ya presha niliyoipuuza. Huko Dar es Salaam madaktari walipitisha bomba la kitambaa na waya kupitia kinenani, wakaziba pale palipochanika. Kidonda cha kinenani kilifunga upesi. Nikalitazama lile kovu dogo nikasema nimepona. Vidonge vya presha vilinilegeza, basi nikawa navificha chini ya godoro.

Asubuhi ile nikachukua jembe. Mama yangu haoni vizuri, lakini masikio anayo.

"Ng'wanone, mwanangu, jembe la nini?"

"Kupanda pamba kidogo tu, mayu. Kidonda kimeshafunga."

"Unachokiona ndicho kimefunga. Cha ndani nani amekichungulia?"

Nikatoka hadi shambani. Sikumaliza hata mstari mmoja. Maumivu yalinishika mgongoni, nikakaa kwenye matope. Mficha maradhi, kilio humfichua. Hapo ndipo nilipotaja vidonge nilivyovificha.

Majirani wakanirudisha hospitali. Picha ilionyesha bomba liko mahali pake, ila nyuma yake damu bado inatembea. Daktari, binti mpole, akaniambia, "Mama, bomba limeziba mlango tu. Damu iliyobaki nje yake inatakiwa igande, kisha mshipa usinyae wenyewe, polepole. Ni kazi ya miezi, pengine miaka. Presha ikipanda, unaisukuma upya."

Nikarudi, nikakaa. Sikufichi, kukaa kule kuliniuma kuliko sindano. Wenzangu walipalilia, wakavuna, mimi nachambua mboga na kugombana na kuku. Picha iliyofuata, damu imeganda. Iliyofuata tena, mshipa umesinyaa. Hadi leo naitwa kupimwa, naenda.

Basi mwanangu, mwili hauponi kwa amri yako. Dawa imeze hata siku unayojiona mzima. Ikikusumbua, mwambie daktari, usiifiche. Mzigo usiubebe mpaka uruhusiwe. Na maumivu ya kifua au mgongo yakija ghafla, usingoje kesho.

Mungu akupe moyo wa kutulia, akufikishe kwenye uzee wa mama yangu.