Sajini Kando Ajifunza Pikipiki

Jina lake hasa ni Ekuru Lochakapong, lakini barabara ya Lodwar kwenda Kakuma haikulijua jina hilo. Kwa miaka kumi na minane alisimama kwenye kizuizi cha polisi, mguu mmoja kwenye lami na mwingine mchangani, na neno lake lilikuwa moja tu: "Kando." Aliwaambia hivyo madereva wa malori, akawaambia wa mabasi, na zaidi ya wote aliwaambia vijana wa bodaboda waliobeba abiria watatu na mbuzi mmoja juu ya pikipiki isiyo hata na kioo. Basi wakamwita Sajini Kando. Alilizoea jina hilo hata mkewe alipomwita Ekuru mbele ya wageni, aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Miezi mitatu kabla hajatimiza miaka sitini, aliitwa kwenye semina ya askari wanaokaribia kustaafu, katika ukumbi wa hoteli moja pale Lodwar. Mwendesha semina, kijana wa viatu vilivyochongoka, alizungumza Kiingereza asubuhi nzima, kisha akamtaka kila mtu asimame aseme atafanya kazi gani akishavua sare. Wa kwanza akasema atafuga mbuzi. Wa pili, mbuzi. Wa tatu alikuwa mtu wa Busia ambaye hajawahi kufuga hata kuku, lakini naye akasema mbuzi, asije akaonekana hana mpango. Zamu ya Ekuru ilipofika alisimama wima kama yuko gwarideni.

"Mbuzi," akasema. "Na kondoo kidogo."

Ukweli ni kwamba mara ya mwisho kuchunga alikuwa na miaka saba, kabla mapadri hawajamchukua shule ya bweni. Lakini Mturkana mzima atasimamaje mbele ya watu aseme hajui mbuzi?

Akastaafu. Wiki iliyofuata alipanda gari la mizigo mpaka Kaikor, kwa kaka yake mkubwa Lomunokol, ambaye hakuwahi kuishi mbali na mifugo hata siku moja. Lomunokol alimpokea kwa furaha, akamkabidhi kundi dogo alizoee. Siku ya kwanza Ekuru aliona mbuzi wanatoka zizini kwa fujo, wanasukumana, wengine wanapandiana. Jambo hilo lilimkera. Akaweka matawi mawili ya miiba njiani, akasimama katikati, akawa anawaruhusu mmoja mmoja. Jua lilipanda, mbuzi wa mwisho bado wako foleni wanalia.

Lomunokol alikuja akaegemea fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Ekuru," akasema, "hawa si malori. Ukiwasimamisha hawali. Wasipokula, jioni utawabeba."

Siku ya tisa ndiyo iliyomaliza maneno. Ekuru alirudi jioni akitembea kwa maringo, mbuzi wake wametangulia, wote wazima, hakuna aliyechechemea. Shemeji yake Akiru alitoka kuwapokea, akainama kuangalia alama ya ukoo iliyokatwa kwenye sikio la wa kwanza, akaangalia na la wa pili, kisha akaketi chini na kucheka mpaka shanga zikamlia shingoni. Hakuwemo hata mbuzi mmoja wa kwao. Kule malishoni makundi mawili yalikutana, na yalipoachana Ekuru alifuata lile lisilo lake, na jirani mwenye kundi hilo alikuwa ameshaanza kuzunguka bonde zima kutafuta mwizi. Sajini wa miaka thelathini na tano kazini akaenda kwa jirani kuomba radhi, huku anauswaga mbele yake ushahidi wote.

Kaka yake hakumfokea. Alimwambia tu, "Mbuzi wako waache hapa, watazaa. Wewe rudi kwa watu. Watu unawajua."

Alirudi Lodwar, nyumbani kwa mkewe Awoi. Awoi alikuwa na kibanda sokoni, akiuza samaki wakavu wa kutoka ziwani, upande wa Kalokol. Ekuru aliona afadhali akamsaidie. Siku mbili tu, wateja wakajikuta wamepangwa mstari, wa kununua huku, wa kuuliza kule, na mwenye mkokoteni aliyepita karibu akaambiwa "Kando" kwa sauti iliyomfanya aangushe magunia. Wateja wakahamia kwa muuzaji wa pili, ambako mtu alikuwa huru kuchagua samaki wake kwa vurugu.

"Baba Ekeno," Awoi akamwambia jioni hiyo, akimwekea chai, "mimi niliolewa na mtu anayeondoka asubuhi. Huyu wa kukaa sikumwomba."

"Sasa niende wapi, mama Ekeno? Mbuzi wamenikataa, samaki wamenikataa."

"Miaka yote ukija nyumbani wimbo wako ni mmoja: wale vijana wa pikipiki hawajui sheria, hakuna aliyewafundisha. Basi nenda kawafundishe."

Ekuru akasogeza kikombe pembeni. Alimkumbuka kijana mmoja waliyemwokota kandokando ya barabara, karibu na Kakuma, bila helmeti. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunika uso kwa koti lake la mvua. Saa moja kabla alikuwa amemsimamisha, akamkaripia, akamwachia aende. Kukaripia alijua. Kufundisha hakuwahi kujaribu.

Akaenda Kakuma. Alipanga banda la mabati karibu na stendi ya bodaboda, akanunua ubao, akachora alama za barabarani kwa rangi nyekundu na buluu. Asubuhi ya kwanza akavaa shati lililopigwa pasi, akaelekea stendini kuwakaribisha wanafunzi. Pikipiki zilikuwa kama ishirini. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kando huyo," na kufumba na kufumbua pikipiki zote zikatoweka, vumbi likabaki peke yake.

Vumbi lilipotulia alimwona mwanamke mmoja amechuchumaa kando ya pikipiki yenye pancha. Ni Aluong, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu, ambaye huwabeba kina mama wajawazito kuwapeleka zahanati.

"Afande, ningekimbia na mimi," akasema bila kuinua macho. "Tairi limekataa."

"Mimi si afande tena. Nimestaafu. Nimekuja kufundisha."

"Kufundisha nini?"

"Sheria za barabarani. Mpaka mtihani wa leseni."

Aluong akamkagua kuanzia viatu. "Na kuendesha nani anafundisha? Wewe unaendesha?"

Hapo Ekuru akatazama huku na huku. Mganga hajigangi: alikuwa amesimamisha pikipiki maelfu, lakini hajawahi kuipanda hata moja akiwa mbele. Akamwambia ukweli kwa sauti ya chini. Aluong hakucheka. Alisema tu kwamba mwalimu asiyejua ni sawa na mkunga aliyesoma kitabuni, na wakakubaliana hapo hapo: yeye atafundishwa alama, Ekuru atafundishwa klachi, na siri itabaki yao.

Wakawa wanakutana alfajiri kwenye uwanja wa mpira. "Legeza mkono, mzee. Pole pole. Hiyo si shingo ya mwizi," Aluong akimwambia. Ekuru alianguka kushoto, akaanguka kulia, siku moja akaingia golini na pikipiki juu yake. Saa tatu akioga, akibadilisha shati, akisimama mbele ya ubao kama mtu aliyezaliwa juu ya injini. Aluong aliwavuta wenzake mmoja mmoja: Madut, Achan, na Aukot mwenyeji wa pale pale. Wakafika saba, wakakaa karibu na mlango, tayari kukimbia.

Baada ya miezi miwili, chama cha bodaboda kilimleta mtahini kutoka Lodwar. Aluong alizunguka koni zote kama maji yanavyopita kwenye mawe, akafaulu. Wengine wakafaulu, isipokuwa Madut, aliyesahau kutazama nyuma. Kisha mtahini akasoma jina la mwisho kwenye karatasi: Lochakapong.

Watu wakageuka. Ekuru akapanda, akatoka vizuri, akapita koni ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akaikaba ile klachi, kisha akaiachia ghafla. Pikipiki ikaruka, koni nne zikaenda nayo, Sajini Kando akabaki amekaa mchangani na helmeti imemgeukia upande.

Alitamani ardhi immeze. Kisha akaona mikono inamnyanyua, si mmoja wala miwili. Aukot, aliyewahi kusimamishwa na huyu mzee pengine mara thelathini, alimpangusa vumbi mgongoni.

"Mwalimu, kumbe wewe pia hujui," akasema, na furaha ilikuwa usoni kwake wazi. "Kwa nini hukusema mapema? Tungekuonyesha sote."

Jumatatu banda lilijaa. Walikuja hata wale waliokimbia siku ya kwanza, wengine wakasimama nje juani. Mzee aliyeanguka mbele ya mji mzima na kurudi kazini hakuwatisha tena. Walimuuliza maswali ambayo hakuna mtu anayemuuliza askari. Ekuru alifanya mtihani tena baada ya mwezi pamoja na Madut, na safari hii koni zote zilibaki zimesimama.

Sasa shule ina walimu wawili. Ekuru hufundisha ubaoni, Aluong uwanjani. Hugombana karibu kila siku. Juzi Aluong alimkuta anamweleza mwanafunzi mpya namna ya kubadilisha gia.

"Mzee, wewe baki na chaki," akamwambia. "Gia ni kazi yangu."

Ekuru akasogea pembeni, akampisha.