Siku Seneta Alipougua

Miaka ya tisini, mtaa wa Lewisham, London, nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao. Kila mmoja nusu saa: kumwogesha, chai, vidonge, kisha nakimbilia basi la kwenda kwa mwengine. Miguu iliniuma hata nikiwa nimelala.

Wa tatu kila asubuhi alikuwa bibi wa Kimarekani aliyekuwa akipoteza macho. Alikuwa akiandika maisha ya baba yake, seneta; yeye akitamka, mimi nikimpigia chapa. Nilidhani seneta wa Washington. Akacheka. "Si huko, Mwalimu." Aliniita hivyo kwa kuwa Unguja nilikuwa nikisomesha. Nawe usione haya ukichanganya: kule kila jimbo lina bunge lake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, baba yake alikaa bungeni wiki chache kwa mwaka, kisha akarudi dukani kwake kuuza matandiko ya farasi.

Sura moja ilimkwamisha. Palikuwa na mswada wa kukataza watoto wadogo kufanya kazi viwandani. Baba aliutetea mwaka mzima, siku ya kura akaugua, mswada ukaanguka kwa kura moja. Ndivyo mama yake alivyomsimulia. Lakini mama alipokufa ilionekana barua aliyoificha, na binti hakuthubutu kuifungua. Sasa hata angetaka, haoni.

"Nisomee wewe."

"Bibi, nusu saa imekwisha."

"Ilikwisha hujavua koti. Soma."

Nikaipitia kimya kwanza. Seneta alimwandikia mkewe kwamba hakuwa mgonjwa. Wenye viwanda walimfuata hotelini, wakamwambia watahama na mji mzima utakosa kazi. Akajifungia chumbani, akaisikiliza kengele ya bunge ya kuitia kura mpaka ikanyamaza.

"Mbona kimya, Mwalimu? Mwandiko mbaya?"

"Mwandiko mzuri sana."

Ningeweza kumwambia lolote. Nilikuwa nimechoka, na uongo ungekuwa mfupi. Lakini alikuwa ameingoja barua ile muda mrefu mno. Nikamsomea yote, polepole, mkono wake nimeushika.

"Alikuwa na miaka thelathini na nne," akasema. "Mdogo kuliko wewe." Kisha: "Tumeandika kuwa aliugua?"

"Ndiyo."

"Futa."

Nikapaka ule wino mweupe wa kufutia, nikapuliza ukauka, nikapiga chapa kwamba alijificha. Basi langu lilikuwa limeshapita. Nikarudi jikoni kumtilia chai ya pili.