Kishindo Nyuma ya Kiti Changu

Nimesoma madarasa mawili, na la pili sikulimaliza. Lakini nionyeshe gari lolote lililowahi kupita barabara ya Kilwa, nitakuambia linaumwa wapi kabla hujazima injini. Mie nasikiliza kwa makalio. Sikio hudanganyika, maana ndani ya lori kila kitu kinapiga kelele. Kiti hakidanganyiki.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa naendesha lori la mkaa, kuukuu, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama malori yote ya wakati ule. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, ila gari lililala uani kwangu Temeke, na kila asubuhi majirani waliniona mie nikilipasha moto. Sikumwambia mtu kuwa ni langu. Sikumwambia mtu kuwa si langu.

Kiangazi kimoja likaanza kutoa kishindo. Nikiachia klachi niondoke, ndu, nyuma ya mgongo wangu, kama mtu kabwaga gunia la chumvi. Nikibadili gia, ndu. Tajiri alipanda siku moja kwenda kuangalia mkaa Mbagala, akakisikia. Tuliporudi akasema difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, imekwisha, difu ya gari la umri ule haipatikani, na kuna mtu wa vyuma vikuukuu atakuja kulichukua Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni.

Sikula. Mke wangu aliweka wali, akauondoa. Naingia ndani, natoka, nalizunguka lori, naingia tena, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mji huu niliuanza kwa kusukuma mkokoteni. Kurudi kwenye mkokoteni mbele ya majirani walewale, bora ningerudi Tabora kwa miguu.

Kulipopambazuka nilikuwa chini ya gari. Nikashika propela, ule mhimili mrefu wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, nikautikisa huku na huku, haukucheza. Nikamwaga oili ya difu kwenye sufuria ya mke wangu, nikapitisha vidole humo: hakuna hata chembe ya chuma. Nikairudisha. Halafu nikafikiri, jambo ambalo mafundi wengi hawana muda nalo. Jino la difu likivunjika litagonga kila linapozunguka. Kishindo hiki kilipiga mara moja tu, gari linapoanza kuvutwa, kikanyamaza. Basi si kitu kinachozunguka. Ni kitu kinachohama.

Sasa, lori lile nilikuwa nimeliinua. Magunia yakizidi, bodi hulala juu ya matairi, kwa hiyo nilimtaka seremala wa Keko anichongee magogo mawili mafupi ya kuweka kati ya springi na ekseli. Sie madereva wa mkaa karibu wote tulifanya hivyo, ila la kwangu lilisimama juu kuliko yote. Nikawasha, nikalipeleka Keko likinipiga ndu njia nzima.

Seremala alikuwa Mzaramo na mie Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Hakuacha hata randa yake.

"Mpagazi kaja," akasema. "Babu yako alibeba pembe kichwani toka Tabora mpaka pwani, wala hatukumsikia akilalamikia difu."

Nikamwambia babu yake ndiye aliyemuuzia babu yangu maji, tena ya chumvi, na anipe chaki. Akanipa. Nikapiga mstari mmoja toka kwenye springi, ukapita kwenye gogo, ukaishia kwenye ekseli. Nikapanda, nikaachia klachi. Ndu. Nikazima, nikashuka mbio. Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha chaki kilichokuwa kwenye ekseli kimesogea upana wa kidole. Nikagusa boliti zinazofunga vitu vile pamoja, nati ikazunguka kwa mkono mtupu. Gogo lilikuwa limesinyaa.

Seremala akachuchumaa, akalitazama. Utani ukamwisha.

"Mfenesi huu ulikuwa mbichi," akasema. "Nilikuambia uniachie niuanike kivulini mpaka ukauke. Ulinijibuje?"

Nilijua nilivyomjibu. Nilisema lori halingoji mti. Na leo ningesema vilevile. Ningekuwa mtu wa kungoja, mpaka sasa ningekuwa nasukuma mkokoteni.

Akasema anao mwingine mkavu, ila hauwezi kuchongwa mpaka amalize kitanda cha watu. "Kaa ule muhogo, Mnyamwezi."

Sikukaa. Nilimwendea mhunzi mwenye springi kuukuu, akanikatia vipande vya chuma. Nikapiga jeki, nikatoa magogo, nikapanga vyuma mahali pake, nikakaza boliti mpaka spana ikanichuna kiganja.

Jumamosi tajiri akaja na yule mtu wa vyuma, ambaye alianza kupiga matairi mateke kama tayari ni yake. Nilimwacha uani. Nikamwomba tajiri apande. Nikaachia klachi: kimya. Mbele kidogo nikasimama, nikashuka, nikakaza nati, maana chuma kikifungwa upya lazima kikae. Nikaenda, nikasimama tena.

"Dereva, limepona au halijapona?"

"Limepona, tajiri."

"Mbona unasimama kila mnazi?"

"Nalisikiliza."

Tuliporudi akamwambia yule mtu kwamba hapa hakuna chuma kikuukuu, hapa kuna gari. Jamaa akaondoka bila kuaga. Majirani waliona, na mie nikafunua boneti nikainama humo ndani muda mrefu, ingawa hapakuwa na cha kufanya.

Leo nina malori yangu, yangu kweli. Seremala anawaambia watu yote yalizaliwa na chaki yake, namwacha aseme. Lakini hata sasa, nikiachia klachi, nakaza makalio kwenye kiti na kungoja.