Wafalme wa Wales na Mtoto wa Dada Yangu

Niseme ukweli mapema, kwa kuwa nilichelewa kuusema ulipohitajika: mtoto niliyeingia naye Ubelgiji hakuwa wa tumbo langu. Alikuwa wa dada yangu, na dada alifia njiani tulipokuwa tunakimbia kutoka Kivu, mtoto akiwa na miaka mitatu. Kwetu hilo si jambo la kuitiwa kikao. Dada akifa, mtoto wake unamfunga mgongoni na safari inaendelea, na tangu siku hiyo anakuita maman. Ningeyasema hayo hayo kwenye ofisi ya wakimbizi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, kama si mwanamke mmoja wa Bukavu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Aligeuka, akanisogelea sikioni.

"Maman, usiseme ni mutoto ya dada. Apa mutoto ya dada haiko ya kwako. Batamukamata, batamupeleka kwa masista, na weye batakurudisha ku Kongo. Sema ni ya tumbo yako. Bon, imeisha."

Niliogopa, nikasema hivyo. Karani akaandika. Yule mwanamke sikumwona tena, lakini neno lake nilitembea nalo miaka miwili kama kijiwe kwenye kiatu.

Miaka hiyo miwili nilifanya kazi kwa padre mmoja mstaafu, Mbelgiji, aliyekaa peke yake ghorofa ya tatu karibu na uwanja wa Flagey. Alikuwa amefundisha Kivu miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, ila kilichovishwa tai. Nilimpikia, nilimfulia, na macho yake yalipoanza kufifia nikawa namsomea. Nilidhani nitamsomea Biblia. Kumbe mzee alikuwa na ugonjwa mwingine: wafalme wa Wales wa enzi za kati, kabla Waingereza hawajawameza. Alikuwa nao kwenye maboksi kumi na moja ya viatu, kila mfalme na kadi yake, ukoo baada ya ukoo: Gwynedd ya kaskazini yenye milima, Powys ya katikati, Deheubarth ya kusini. Kazi yangu ilikuwa kusoma kadi kwa sauti, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, na yeye, macho kayafumba, aniambie iende boksi gani.

Mwanzoni nilicheka moyoni. Majina yenyewe yalinivunja ulimi, halafu yalikuwa yale yale: babu na mjukuu jina moja, baba lingine, kisha tena lile la babu. Nilimwuliza mzee kama nchi nzima ilikuwa na majina sita tu. Lakini kicheko kiliniisha nilipoanza kuelewa ninachokisoma. Kwao mfalme akifa, nchi iligawanywa kwa wanawe wote, hata yule aliyezaliwa nje ya ndoa, mradi baba alimkubali kuwa wake. Ukisikia hivyo unasema, watu wenye huruma hawa. Subiri kidogo. Kila mwana alikitaka na kipande cha mwenzake, basi kadi zilijaa watu waliotobolewa macho na ndugu zao wa damu, waliohasiwa wasipate warithi, waliouawa na watu wa nyumba yao wenyewe. Mmoja aliwahi kuitawala Wales yote, peke yake, na yeye pia walimmaliza watu wake. Nilisoma hayo huku supu inachemka jikoni, na nikishuka kwenda kupanda tramu nilikuwa naangalia nyuma. Mambo hayo nilikuwa nimeyakimbia kwa miguu. Sikutegemea kuyakuta kwenye boksi la viatu.

Kisha barua ya ofisi ya wakimbizi ikaja. Tuliitwa kuhojiwa baada ya wiki tatu, na iliandikwa wazi kwamba mtoto naye ataulizwa. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga mtaa wa Saint-Gilles, barua mkononi. Mtoto alikuwa hajafika miaka sita. Wangemwuliza mama yako nani, naye angejibu lolote lililomjia mdomoni, na hilo lingetuuza wote wawili.

Nikaanza kumfundisha. Kila jioni kabla ya chakula nilimweka kati ya magoti yangu nikimsuka, asiweze kukimbia, nikamwuliza naye akajibu. Ulizaliwa wapi? Hospitali, Bukavu. Siku gani? Siku ya mvua, maman aliimba. Nilijitungia hata wimbo. Tulikuwa na picha moja tu, mimi na dada tumevaa kitenge cha aina moja mbele ya nyumba ya baba. Huyu nani? Maman. Na huyu? Siku za kwanza alinyamaza hapo, akamtazama dada huku kidole kiko mdomoni, na mara moja akasema kwa sauti ndogo, "Ni maman ya zamani." Nilimchapa mkono. Naandika hivi nikiona aibu. Sikuwahi kumpiga kabla ya hapo, na sikumpiga kwa hasira. Nilimpiga kwa woga, na woga una mkono mzito kuliko hasira. Baada ya siku hiyo hakukosea tena. Huyu maman, yule tante, yaani mama mkubwa tu, tante alikufa njiani.

Ndani ya wiki hizo hizo mzee alizidi kunitia hofu bila kujua. Tulikuwa tumefika boksi la Gwynedd, kadi yenye ukoo mrefu kuliko zote, unaopanda mfalme hadi mfalme mpaka juu kabisa, kwa mwanamke aliyesemwa kuwa binamu ya Bikira Maria. Niliisoma yote bila kukwama. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Bongo tupu, maman, ni uongo. Watu ya ikulu ndio walipika ile."

"Mon père anajua namna gani?" nikamwuliza, kwani ndivyo tunavyowaita mapadre.

"Sababu imenyooka. Ukoo ya kweli iko na matundu. Iko mutoto alilelewa kwa mujomba. Iko bibi ya pili. Iko ndugu moja, hawapendi kutaja jina yake. Ile inatiririka hivi bila kusimama, ni mutu alimufundisha mutu mwingine."

Nilishika ukingo wa meza. Niliusikia mdomo wa mtoto wangu ukitiririka: hospitali, Bukavu, siku ya mvua, maman aliimba.

"Mimi pia nilipika," akaendelea, macho bado kayafumba. "Kule kwenu. Serikali ilinituma kuandika koo ya machifu. Wakubwa walitaka mustari moja, murithi moja. Wazee walinielezea mambo ya kupindapinda, na mimi nikanyoosha. Bon. Wale wenye nilifuta, wakafukuzwa ku mashamba yao." Akagonga kifuniko cha boksi. "Hawa wa Wales walishakufa zamani. Siwezi kuwaumiza tena. Njo maana ninawapenda."

Sikuwa na nafasi ya dhambi zake siku hiyo. Nilikuwa na za kwangu za kutosha. Nilimpa supu nikaondoka nusu saa kabla ya wakati wangu, na jioni nilijaribu kumfundisha mtoto kukwama kidogo, kusema sijui hapa na pale. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Alikuwa ameshika somo lake, na alilipenda kwa kuwa lilinifurahisha.

Siku mbili kabla ya mahojiano nilisoma kadi za mwisho za boksi lile. Mtawala wa mwisho wa Gwynedd aliuawa wakati wa baridi, na kichwa chake kikapelekwa London. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miezi michache, ambaye mama yake alikuwa ameshakufa kwa uzazi. Mfalme wa Uingereza aliogopa kwamba kichanga kile kingekua na kuzaa warithi. Hakukiua. Aliamuru kipelekwe mbali, upande wa pili wa nchi, kwenye tambarare isiyo na mlima hata mmoja, kitiwe kwa masista. Msichana akakaa humo zaidi ya miaka hamsini mpaka akafa, na kwenye makaratasi ya Waingereza jina lake limeandikwa hapa hivi, pale vile. Binamu zake wawili wa kiume walifungiwa ngomeni wakiwa wadogo. Mmoja alikulia humo, na alipokuwa mtu mzima mfalme akaagiza alazwe ndani ya kizimba cha mbao kilichokazwa kwa chuma.

Kwa masista. Nilitaka kumweleza mzee kila kitu, nikauliza jambo moja tu.

"Mon père, yule mutoto. Nani alimwambia mama yake alikuwa nani?"

"Hakuna mutu, pengine. Wote wenye walimujua mama yake, walikuwa mbali ao wamekufa."

Asubuhi ya mahojiano tulipanda hadi ghorofa ya juu ya jengo moja la vioo karibu na Gare du Nord. Aliyetuhoji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, na mkalimani alikuwa Mtanzania, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mtoto aliketishwa mbele, mimi nyuma yake, nikaambiwa nisiseme kitu.

Na mtoto akasema. Alisema vizuri kuliko siku zote. Hospitali, Bukavu, siku ya mvua, hata wimbo aliutia. Hakukwama popote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kisogo nilichokisuka mwenyewe, nikiomba kwa Mungu akwame, akohoe, asahau. Yule mwanamke aliweka kalamu chini. Akatoa kwenye faili picha yetu, tuliyokabidhi tulipoingia, na kuisogeza.

"Hawa ni kina nani?" mkalimani akauliza.

"Huyu ni maman. Yule ni tante. Tante alikufa."

"Je, unamkumbuka huyo aliyekufa?"

"Hapana," mtoto akasema. Kidole hakikwenda mdomoni. Alimpita mama yake kwa macho kama anavyopita tangazo la sabuni kwenye kituo cha tramu, akageukia dirisha.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na si ofisi niliyoiogopa. Miaka miwili nilikuwa nikihofia kwamba watamtia mahali asipomjua mama yake. Nilikuwa nimeshamtia mimi, kwa wiki tatu, kwa kitana na mafuta ya nazi.

Nilisimama. "Si kweli," nikasema, kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. "Huyo ndiye mama yake. Mimi ni mdogo wake. Mtoto hajadanganya, mimi ndiye nilimfundisha." Nikaeleza yote, barabara, homa, jinsi dada alivyonishikisha mikono ya mtoto akiwa hawezi tena kuongea. Yalitoka vipande vipande, nikirudi nyuma, nikisahau, na mwanamke yule aliandika bila kuniharakisha. Mwishoni aliniuliza kwa nini nilisema uongo. Nikamwambia niliogopa mtampeleka kwa masista. Hakucheka. Alisema tutapata barua.

Mtoto alikuwa amegeuka kunitazama, macho yamejaa machozi. "Maman, nilikosea?"

"Hapana. Mimi njo nilikosea."

Barua ilichukua miezi minne. Nilikonda, kila mlio wa kengele ulinifanya nimkumbatie mtoto. Walituacha tukae, mimi nikiandikwa mlezi wake, si mama, na sikulalamika.

Lakini siku ile, ndani ya tramu ya kurudi Saint-Gilles, sikujua hayo. Nilijua tu kwamba pengine nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Alikaa dirishani. Walikuwa wameturudishia picha. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaiweka magotini, akamtazama dada, yule wa kushoto, muda mrefu.

"Jina yake nani?"

Miaka miwili sikuwa nimelitamka hata mara moja, nikiogopa atalishika. Nikamtajia, jina lote, lile refu la nyumbani alilopewa na bibi yetu. Alijaribu, akakosea. Nikalirudia polepole, abiria wakitutazama, akakosea tena. Tulipokaribia kituo chetu akalisema sawasawa, na kidole chake kikarudi mdomoni.