Mikono ya Shati

Zamani mji ulilala ufunguo ukiwa mlangoni kwa nje. Siku hizi kila nyumba ina kufuli mbili, na fundi anayezitia ndiye aliyekuwa mwizi wetu. Miaka sita mzee Prokopis, mtunza kanisa, alimtazama: sauti ya chini, vidole virefu, na kila akiingia nyumba ya mtu hukunja mikono ya shati hadi viwikoni, ionekane hakuficha kitu. Ijumaa Kuu, jeneza la maua la Bwana, linalozungushwa mjini kwa maandamano, lilikosa mbebaji wa nne. Warithi wa nafasi hiyo wamehamia Ujerumani. Argiris mwoka mikate, mpenzi wa fundi, alikuwa tayari amejitwika upande wake.

“Mwizi asiguse!” mtu akafoka.

“Nyamaza wewe! Kwako kufuli kakutilia nani?” Prokopis akamjibu, akamvuta fundi hadi kando ya Argiris.

Mara ya mwisho kuwaona siku ile, walikuwa wakiteremka na jeneza bega kwa bega, kifua mbele, mikono ya shati ya fundi imeshushwa na kufungwa vifungo.