Mstari wa Kazi ya Mtoto

Juzi, kwenye ofisi ya kata huku Ruangwa, karani alikuwa akimjazia mama mmoja fomu ya binti yake anayeanza darasa la kwanza. Penye kazi ya mzazi akaandika "mkulima" bila kuuliza.

"Futa, mwanangu," mama akasema. "Kulima tunalima wote. Mimi naongoza ngoma."

"Haya, imba tusikie," karani akamwambia.

Mama akafungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Sauti alikuwa ameimalizia usiku kucha harusini Matambarale. Binti, aliyesimama kando yake, akashika kiuno, akaupokea wimbo. Foleni nzima ikaitikia, hata mimi niliyefuata muhuri.

Karani akafuta. Mama, kidevu juu, akagonga meza kwa kidole: "Na kazi ya mtoto?"

Nimejaza fomu maisha yangu yote, sijaona yenye mstari huo. Karani alichukua rula, akauchora.